Ng'ombe wa Alasiri

Yoramu alikuwa ameinama mbele ya ubao, akitia kope kwenye jicho la kushoto la ng'ombe kwa brashi nyembamba, pale mtu aliposimama nyuma yake.

"Shikamoo, baba," Yoramu alisema bila kugeuka. Alikuwa ameona ndala za tairi na fimbo tu.

"Marahaba. Huyo ng'ombe umempata wapi?"

"Kichwani."

"Ng'ombe wangu anafanya nini kichwani mwako?"

Hapo Yoramu akageuka. Mzee alijitaja: Ngollo, mfugaji wa Bukene, ameshuka na treni ya asubuhi. Akanyoosha fimbo, akamsoma ng'ombe kama mwingine anavyosoma barua: mwekundu, baka jeupe kama kibuyu ubavuni, pembe ya kulia imeinamia jicho. Ng'ombe huyo alipotea siku walipohamia kijiji cha ujamaa, tena alikuwa amekwisha kutajwa kwenye mahari ya mwanawe.

"Sasa niambie, ubao huu ni wa nani?"

Yoramu alitamani uwe wa mshona viatu. "Wa bucha," akasema.

Kosa lilikuwa lake, naye alilijua. Mkewe, Koleta, ndiye aliyeiongoza kazi, na alikuwa ameweka utaratibu: asubuhi vibao vya watu, alasiri picha za Yoramu mwenyewe. Mwezi ambao Yoramu alichora picha zake tu, walikula mihogo mikavu. Mwezi alioandika herufi tu, chakula kilikuwepo, lakini alikaa mbele ya sahani kama mtu aliyekuja kutoa pole. Utaratibu ukaenda vizuri, hadi Tobias mwenye bucha alipotaka kibao chenye ng'ombe. Fundi mwingine angeandika herufi kwanza, kisha angechora ng'ombe yeyote pale palipobaki. Yoramu alianza na ng'ombe. Akamchora yule aliyemwona siku moja stesheni ya Bukene, kupitia dirisha la treni, na akamchora hadi nafasi ya herufi ikaisha. Alikuwa mnyama wa kwanza kumtoka mkononi kama alivyomwona kwa macho.

Tobias alikuja kuulizia kibao chake saa hiyo hiyo.

"Umemla?" Ngollo akamuuliza.

"Nani?"

"Huyu."

Tobias akamtazama ng'ombe, kisha watu waliokwisha kujaa kwenye baraza ya duka la Popatlal, ambapo Yoramu alifanyia kazi. "Mzee wangu, mimi nachinja madume."

"Basi huyu jike amefikaje kwenye kibao chako?"

Watu wakaguna. Mama mmoja mwenye kikapu akakumbuka kwamba nyama aliyonunua kwa Tobias jana ilikuwa laini kupita kawaida.

"Yoramu," Tobias akasema taratibu, "mbadilishe rangi. Sasa hivi, watu wakiona. La sivyo nampa kazi fundi mwingine, na wenzangu wote wa sokoni watanifuata."

"Nimfanye mweusi?"

"Mweusi mwenye pembe hiyo ni wa shemeji yangu," Ngollo akasema.

"Mweupe?"

"Wa mkwe wangu. Na yule, mwenyewe ni mkali kuliko ng'ombe."

Yoramu akachovya brashi kwenye kopo hata hivyo. Vibao vya soko ndivyo vilivyowalisha. Brashi ikafika kwenye kibuyu cheupe, ikasimama. Alipoisukuma, Ngollo akamshika kifundo cha mkono.

"Usimfute. Nimetafuta kote, na huyu ndiye pekee niliyempata. Ulipomwona, alikuwa anaelekea wapi?"

"Alikuwa amesimama, baba. Hakuonekana kuwa na safari."

Koleta akafika kutoka nyumbani, Cheyo, na bakuli la chakula. Mama wa kikapu alimsimulia yote, na nyongeza kidogo. Koleta akainama mbele ya ubao.

"Kope," akasema. "Ng'ombe wa bucha umemtia kope."

"Alikuwa nazo," Yoramu akajitetea.

Koleta akaingia dukani, akatoka na ubavu wa sanduku la majani ya chai. "Shemeji Tobias, kibao chako ni hiki. Herufi kwanza. Yule ni ng'ombe wa alasiri, na sasa ni asubuhi. Ageuziwe ukutani."

"Ukutani?" Ngollo akauliza.

"Haya, atazame dukani."

"Atazame huku," Popatlal akaitikia kutoka ndani. "Tangu alipopata macho, mimi humwamkia kila nikifungua mlango."

"Na picha yangu je?" Tobias akauliza. "Wateja wangu bado wako kwenye kisomo cha watu wazima, herufi hawajazijua."

"Mguu," Koleta akasema. "Mguu wa nyuma, umetundikwa."

Yoramu akauchora kwa chaki. Ngollo akauinamia, akautazama juu hadi chini, akahamia upande wa pili. Tobias alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono yote miwili.

"Huo siujui," Ngollo akasema mwishowe.

Tobias akaketi kwenye gunia la chumvi.

Herufi zilikuwa zimefika BUCHA YA TOB wakati adhana ya alasiri iliposikika. Koleta aliporudi kuchukua bakuli, alimkuta mumewe amekwisha kumgeuza tena ng'ombe. Ngollo, aliyeahidi kuilipia picha hiyo kwa samli, alikuwa amekalia sanduku akieleza mkia, kwa kuwa siku ile stesheni behewa jingine liliuficha, Yoramu asiuone.

"Ncha nyeupe," alisema. "Na mrefu. Unafuta vumbi."

"Ukiwa mrefu hivyo utatoka nje ya ubao, baba."

"Basi ongeza ubao."

Walibishana hadi kivuli kikafunika baraza na ng'ombe akawa haonekani vizuri. Koleta akamchukulia Yoramu brashi mkononi.

"Kesho," akasema. "Asubuhi IAS. Alasiri mkia."