Kikwembe ya Miavuli

Mu jamaa ya maman Emérence, mutu hakuendaka ku ndoa bila uniforme. Sheria ile haikuandikwa popote, lakini hata batoto badogo baliijua. Miezi mbili mbele ya ndoa, comité ya jamaa inachagua kikwembe, kila mutu ananunua yake, anapeleka ku mushonaji, na siku yenyewe batu mia moja banafanana sawa sahani ya seti moja. Uniforme ile njo karatasi ya kuingilia. Mwenye anaivaa, bavijana ba protocole banamupeleka mbio ku meza ya jamaa, kule nyama haiishaka. Mwenye haivai, hata kama ni damu ya ndani kabisa, banamukalisha nyuma karibu na baffle ya muziki, anakula wali na makelele.

Kisha ndoa, kikwembe inaingia mu sanduku. Nani angethubutu kwenda ku ndoa ya mutoto wa huyu na kikwembe ya ndoa ya mutoto wa yule? Basi mutaa muzima wa Muhumba ulikuwa umejaa masanduku, na masanduku imejaa nguo yenye iliona jua siku moja.

Maman Emérence hakukuwa na neno na desturi ile. Ni yeye alikuwa anashonaka. Atelier yake ilikuwa chini ya nyumba, mashini tatu na kioo kimoja kirefu chenye kilikuwa kinanyoosha batu kidogo, bakiriya balikipenda sana. Ndoa za batu njo zilisomesha batoto bake babili, Chrispin na Carmel. Kwa hiyo siku Carmel alimuambia kwamba ku ndoa yake hataki uniforme mupya, mama alimushika kwanza ku paji la uso, akaona hakuna homa.

— Unasema nini?

— Ninasema kila mutu alete uniforme ya zamani, maman. Ya ndoa yoyote ya jamaa yetu. Wewe unaifumua, unaipatia mukato mupya.

Carmel alikuwa anafundisha ku institut moja ya mujini, cours ya mazingira. Alikuwa ameandika kitabu muzima juu ya uchumi wa kuzunguka: kitu chenye kilishatengenezwa kisitupwe, kirekebishwe, kirudi mu mikono ya batu, kizunguke.

— Kizunguke kiende wapi? mama aliuliza.

— Kirudi, maman. Kinaenda, kinarudi.

— Na mi nitakula nini?

— Utakula ule mukato. Batu batalipa kazi ya mikono yako, si kitambaa ya duka. Fikiri tantine Adélaïde. Robe yake ya ndoa ya Olive leo inaishia ku kiwiko. Mutu kama yule atakutafuta kila mwaka.

Maman Emérence alifikiri tantine Adélaïde, upana na urefu, akaona mutoto alisoma kweli.

Tena ilikuwa mwaka mabanki ilifunga milango, na kikwembe mupya ilikuwa imepanda bei mpaka bamama balikuwa banaiuliza tu kwa heshima, banapita. Comité, yenye kwa kawaida inagombana mwezi muzima juu ya rangi, ilikubali dimanche moja, kisha misa, mbele chai haijapoa. Balituma message ku WhatsApp ya jamaa: «Uniforme yoyote, ya ndoa yoyote ya jamaa. Iletwe ku atelier ya maman Emérence.»

Lundi asubui, mufuko wa kwanza ulifika kutoka Panzi. Maman Emérence alifungua. Kikwembe ya kijani, na miavuli ya manjano imefunguliwa, mikubwa sawa sinia.

— Ah, hii, alisema, akaiweka pembeni.

Mufuko wa pili ulitoka Nguba. Miavuli. Wa tatu ulibebwa na mwalimu mumoja wa Walungu, akiwa ameuweka juu ya mapaja njia nzima ili isikunjike. Miavuli. Jeudi, ku mifuko makumi tano na nane, makumi ine na moja ilikuwa miavuli, na atelier ilikuwa sawa siku ya mvua ku rond-point.

Maman Emérence alikaa juu ya kiti chake. Alielewa mambo kwa kuangalia uzi. Uniforme zingine zote zilikuwa zimechoka: ingine ilibeba batoto ku mugongo, ingine ilipita mu soko, ingine iligeuka rideau ya dirisha. Lakini hii hakuna mwenye alithubutu kuigusa. Ilivaliwa siku moja, ikafichwa. Rangi yake ilikuwa bado inanuka duka. Ni wazi kwamba mutu akiambiwa alete uniforme moja, ataleta yenye iko muzima.

Nayo ilikuwa uniforme ya ndoa ya Chrispin na Eulalie.

Ndoa ile iliishi miaka mbili. Chrispin alikuwa anafanya biashara ya mafuta ya mawese kule Bunyakiri, na kidogo kidogo alikuwa na nyumba ingine kule Bunyakiri, na mwanamuke mu ile nyumba. Jamaa ilikaa, ikazungumuza, ikakuta kosa ni ya Eulalie, kwa sababu Eulalie njo alikuwa karibu. Alitoka na mavalizi mbili. Yeye mwenyewe njo alikuwaga amechagua miavuli, batu balimuchekelea: nani anavaaka mvua ku ndoa? Toka siku ile, jina yake haikutajwa ku meza, na kikwembe yake pia ilikatazwa bila mutu kuikataza.

Tantine Adélaïde alifika vendredi, mufuko ku kwapa. Alikuwa dada ya marehemu bwana ya Emérence, maana yake shangazi ya Carmel, na mu jamaa ile ni shangazi njo anashika mutoto mukono, anamutoa mu nyumba. Shangazi asiposhika, mutoto haende.

Aliangalia meza, akaangalia viti, akaangalia chini.

— Semeki, mutoto wetu ataolewa mu kikwembe ya batu benye baliachana?

— Mi sikuchagua, semeki. Ni jamaa njo ilileta.

— Ile kitu iko na laana. Bakwe batasema nini? Mi sitie mukono yangu pale.

— Na mu mufuko yako muko nini?

Tantine Adélaïde aliugeuza mufuko upande ingine.

— Yangu ni mambo ingine.

— Onyesha.

— Emérence, usinisumbue. Hakuna ingine yenye inaniingia!

Alifungua. Miavuli. Bafundi babili ba atelier baliinamia mashini zao sawa batu benye kazi mingi.

— Basi, tantine alisema, sauti yake imeshuka, lakini haijafika chini. Ile ndoa ilikuwa ya Eulalie. Yeye njo aiachilie, kwa kinywa yake mwenyewe. Kama hasemi, mi nabaki ku nyumba, na Carmel atafute shangazi ku soko.

Ndoa ilikuwa samedi ya juma yenye inafuata, siku nane mbele.

Maman Emérence alijaribu kwanza njia zingine. Aligeuza kitambaa ndani nje: kikwembe ya kweli haina mugongo, miavuli ilimuangalia vilevile. Alichemusha rangi nyeusi mu sufuria ya zamani, akatia kipande. Kilitoka na miavuli yake yote, sasa sawa miavuli ya batu benye banatoka kuzika. Kisha pale aliosha mikono, akavaa viatu, akapanda pikipiki ya taxi mpaka ku soko ya Nyawera.

Alijua Eulalie anauzisha kule. Kwa miaka tano alijua, na kwa miaka tano alinunua nyanya zake ku soko ingine, kule Kadutu.

Meza ya Eulalie ilikuwa kati ya muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, na fundi wa simu. Ilijaa masac, matablier ya kupikia, vikofia vya batoto, vitu vya kushikia sufuria ya moto, vyote vimeunganishwa na vipande vipande. Maman Emérence aliona kofia moja, akaishika bila kutaka. Upande mumoja ilikuwa robe ya mama ya pasteur. Upande ingine, suruali ya muzee mumoja wa Labotte, yenye Emérence alikuwa ameikata mwezi uliopita. Ni vipande vya atelier yake. Kila lundi kulikuwa kunapita mwanamuke na guniya, anaomba takataka ya chini ya mashini, na Emérence alikuwa anamushukuru kwa kumufagilia; kumbe alikuwa anamuletea Eulalie.

Eulalie aliinua kichwa. Alikuwa ameongezeka mwili, na alikuwa amefunga tablier ya miavuli.

— Karibu, maman. Sac ao tablier?

— Eulalie, ni mi.

— Nimeona. Ninauliza sac ao tablier.

Muuza sambaza aliacha kupima, ili asikie vizuri.

Maman Emérence alieleza yote, wima, mbele ya meza: Carmel, message, mifuko, Adélaïde. Alipofika ku hesabu, Eulalie alimukatiza.

— Quarante et un?

— Makumi ine na moja. Na ya Adélaïde, makumi ine na mbili.

— Hata siku ya ndoa yangu hawakuipenda vile!

Alicheka mpaka akashika meza. Fundi wa simu pia alicheka, bila kujua sababu.

— Adélaïde anasema iko na laana, Emérence alisema.

— Laana? Mi ninaivaa kila siku ya Mungu, hii miaka tano. Niangalie. Nimekonda? Aligonga tumbo yake na mukono mbili. Maman, kikwembe haikukosea mutu. Kazi yake ilikuwa kufunika batu, ilibafunika. Mwenye alikosa ako na jina, mulimubatiza ninyi benyewe.

— Ninajua.

— Mulijua na siku ile.

— Nilijua na siku ile. Maman Emérence alikuwa bado na kofia ya mutoto mu mikono, anainyoosha. Ulipita na mavalizi yako, mi nilikuwa ku mashini. Ilifaa nisimame.

— Pédale ilikuwa inalia, Eulalie alisema. Nilikuwa ninaisikia mpaka kule juu ku barabara.

Mukiriya mumoja aliuliza bei ya sac, Eulalie alimujibu, mukiriya alienda. Kisha Eulalie alipanguza mikono ku miavuli, akatoa mukono moja mbele.

— Mupigie Adélaïde.

Maman Emérence alipiga, akaweka haut-parleur, kwa sababu makelele ya soko ilikuwa mingi, na kwa sababu muuza sambaza alikuwa tayari amesogeza kiti.

— Tantine Adélaïde, ni Eulalie. Ulitaka kinywa yangu, njo hii. Vaa. Muvae ninyi bote, mi nimeiachilia. Na mvua ikikunyeshea njiani, uliza Mungu, usiulize mi.

Eulalie aliangalia kama unités ya simu haijaisha.

— Nimesikia, sauti ya tantine ilisema. Nimesikia, mutoto wangu. Na kisha kidogo: Emérence uko pale? Ile kiuno, utaiongeza na nini?

— Nitaona, semeki.

— Usione. Ongeza.

Maman Emérence alirudisha simu mu sakosi. Kitu chenye alikuja kutafuta alikuwa amekipata, angeweza kushika pikipiki na kurudi. Mashini tatu zilikuwa zinamungojea, na siku nane.

— Maman, Eulalie alisema. Hakukuwa anacheka tena. Uniforme yoyote, ya ndoa yoyote ya jamaa. Njo muliandika vile?

— Njo vile.

— Na mwenye ako nayo anaingia, anakaa ku meza ya jamaa.

— Njo sheria.

— Mi niko nayo hapa ku tumbo.

Maman Emérence alifikiri ile meza. Chrispin angekaa pale, pamoja na ule wa Bunyakiri, na bakwe kwa upande, na Adélaïde kati na kati sawa kabati. Aliona sahani moja ikianguka. Aliona na batu benye bangegeuza shingo. Kisha aliangalia tablier: mbele tu ilikuwa kitambaa. Nyuma ilikuwa kamba.

— Ile haitoshi robe, alisema.

— Ingine niliikata. Nilikuwa na njaa, niliuzisha masac.

— Basi nitakata ku yangu. Ya mama ya bwana-arusi ilikuwaga yadi sita, sikuishona yote.

Alishusha metre ya kupimia yenye ilikuwa imebaki ku shingo yake, akazunguka meza, akapita kati ya masac.

— Simama muzuri. Inua mikono.

Eulalie aliinua mikono, pale kati ya soko, na muuza sambaza alipima samaki ya mukiriya wake vibaya, akaongeza bila kujua. Maman Emérence alipitisha metre ku kifua, akasoma, akaipitisha tena kwa sababu mara ya kwanza hakuona vizuri.

— Usikaze, Eulalie alisema.

— Sikaze. Pumua.