Demonstresheni Shambani kwa Masele

Method, mtendaji wa kijiji kimoja huko Nkololo, hakuwahi kumwuliza mtu maana ya neno la Kiingereza. Likimpita alijibu "sawa kabisa", kisha akalitafuta baadaye akiwa peke yake.

Ndivyo alivyomjibu Winnie, afisa ugani mpya wa kata, aliyetoka chuoni Morogoro juzijuzi tu. Winnie alimpigia simu siku ya mnada, ng'ombe wakilia na spika ya muuza sumu ya panya ikimpigia Method kelele sikioni.

"Mtendaji, Jumanne asubuhi tunafanya demonstresheni shambani kwa Mzee Masele. Nihamasishie watu waje wengi, hasa akina mama."

"Sawa kabisa," alisema Method.

Akajibanza nyuma ya banda la nyama choma, akafungua kamusi kwenye simu. Jibu likaja: maandamano. Chini yake kulikuwa na maelezo mengine, lakini Method hakufika huko. Alikuwa ameshakaa chini.

Maandamano! Mtumishi wa serikali anampigia simu mtumishi mwenzake ahamasishe maandamano, tena mchana kweupe, tena mnadani! Akikataa, ataambiwa amekwamisha shughuli ya kata. Akikubali, ataitwa wilayani akajieleze. Alikunywa soda, akaagiza nyingine, mwishowe akaamua kufanya yote mawili: atatangaza, na ataita sungusungu wa kijiji walinde.

Kutoka hapo alipanda pikipiki hadi kwa Masele, mzee wa pamba na ng'ombe, mbishi aliyejulikana kijiji kizima. Alimkuta uani akigongagonga plau yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Kaa."

"Jumanne kuna maandamano hapa kwako."

Masele akaweka nyundo chini. "Ya nani?"

"Ya afisa ugani na wananchi. Hasa akina mama."

"Wanataka nini?"

"Hakusema. Amesema shambani kwako tu."

Masele hakuuliza zaidi, maana jibu alikuwa nalo. Msimu huu alipolima pamba alipanua shamba hadi juu ya njia ya kisimani, akaiziba kwa miiba. Tangu hapo wanawake walizunguka na ndoo zao kupitia korongoni. Hata mkewe, Minza. Kila jioni Minza alitua ndoo kwa kishindo bila kusema neno, na Masele alikuwa amekizoea kishindo kile kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Minza alikuwa pale pale anapepeta mtama. Ungo ukasimama.

"Mtendaji, hayo maandamano anaruhusiwa mtu yeyote?"

"Mayu, mama yangu, wewe ni mwenye mji."

"Sikukuuliza hilo."

Method akakohoa. "Anaruhusiwa."

"Basi na mimi nimo."

"Utaandamana kuja kwako mwenyewe?" Masele akamaka.

"Nitazunguka, nitokee korongoni. Si ndiyo njia yetu?"

Jumatatu Masele alichinja mbuzi. Alipoulizwa kuna sherehe gani, alisema mtu mwenye nyama mdomoni hapigi kelele.

Asubuhi ya Jumanne sungusungu walijipanga ukingoni mwa shamba, fimbo mkononi, filimbi shingoni. Kamanda wao, Ngassa, akamfuata Method.

"Tunalinda nini?"

"Pamba."

"Tunailinda isiharibiwe na nani?"

Method akatazama pembeni. "Na wake zenu."

Ngassa akawageukia vijana wake. Vijana wakatazama katambuga zao miguuni. Wawili wakakumbuka kwamba waliacha ng'ombe bila mtu, wakaondoka kwa haraka.

Mara wimbo ukasikika kutoka korongoni. Wanawake wakapanda wakiwa wamebeba ndoo kichwani, Minza mbele, wakiimba wimbo wa kulima ambao maneno yake yalikuwa yamebadilishwa: sasa uliuliza ni nani huyo aliyeimeza njia, na je, ameshiba.

Kabla wimbo haujafika mwisho, pikipiki ikasimama na Winnie akashuka. Alivaa mabuti hadi magotini, glavu, miwani mikubwa ya plastiki, na barakoa iliyoziba pua na mdomo. Mgongoni alibeba bomba la kupulizia, na mkononi alishika mpira wake umeelekezwa mbele.

Method akamtafuta Ngassa kwa macho. "Mungu wangu. Amekuja na mabomu ya machozi."

Ngassa alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake.

Winnie, kwa upande wake, alijawa na furaha. Katika kijiji alichokwenda wiki iliyopita walikuja wazee watano na mbwa. Akainua mpira juu kuwasalimu watu. "Habari za asubuhi!" alisema, lakini barakoa ikaigeuza salamu kuwa ngurumo.

"Basi!" Masele akapiga kelele kando ya uzio wake. "Basi, binti, shusha hicho kitu! Nafungua!"

Akanyakua panga, akaanza kuikata miiba yeye mwenyewe, akiivuta kwa mikono mitupu na kuitupa kando. Wimbo ukakatika, vigelegele vikapasuka.

Winnie akavua barakoa. "Mzee, mbona unabomoa uzio?"

"Si ndicho mlichokuja kuandamania?"

"Kuandamana? Mimi nimekuja kuwaonyesha namna ya kupulizia pamba dawa. Nilimwambia mtendaji, ni demonstresheni."

Macho yote yakamgeukia Method. Akatoa simu, akafungua kamusi, na safari hii akashuka hadi chini. Akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Lina maana mbili," akasema hatimaye. "Kumwonyesha mtu jinsi ya kufanya jambo... hiyo ni ya pili. Iko chini kidogo."

Masele alisimama na panga lake, jasho likimtoka. "Kwa hiyo maandamano hayakuwepo?"

Akainama, akashika tawi moja la miiba, akaanza kulirudisha mahali pake.

Minza akapita mbele, akatua ndoo katikati ya njia, akasimama kando yake. Wanawake wenzake wakaja nyuma, kila mmoja na ndoo yake.

"Sasa yapo," alisema Minza.

Masele akamtazama mkewe, akazitazama ndoo. Kisha akaliachia lile tawi.

Winnie alitaka kusema neno, akaona afadhali achanganye dawa. Aliwafundisha kupima, kusimama vizuri kwa upepo, na kutopulizia kabla ya kukagua funza kwenye vitumba. Wanawake walimbana kwa maswali. Minza alijaribu bomba kwa mstari mzima, na Masele akamfuata nyuma akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wakati wa kula nyama, Ngassa alimsogelea Method. "Nikiulizwa, niseme tumefanya demonstresheni ipi?"

"Zote," alisema Method. "Tulianza na ya juu."

Jioni Masele alikaa kwenye kigoda, kiganja kimevimba kwa miiba. Minza akaja na sindano, akamshika mkono, akaanza kuitoa mmoja mmoja, bila haraka na bila huruma nyingi.

"Unaniumiza," alisema Masele.

"Tulia."

Akatulia. Alipomaliza, Minza alimchotea maji ya kisimani kwenye kata ya kibuyu. Kwa njia ile fupi, yalikuwa bado ya baridi. Masele akayanywa yote, akamrudishia kata, akasema asante kwa sauti ndogo sana.