Sungura Hawatoki

Miche ya kabichi ya mwenye nyumba ilikuwa imelala chini tena. Kabla hajanawa uso, mzee alikuwa ameshampata mkosaji.

“Sungura wako!” alimfokea mpangaji wake, mwanamke aliyefua ndoo na masufuria ya bati uani, ambaye kila mtu alimwita Fundi Bati. “Usiku wanatoka wanakula jasho langu. Jioni nisiwaone. La sivyo, ondoka nao.”

Fundi Bati akaweka nyundo chini. “Shikamoo kwanza, mzee. Wakiwa na kosa nitawatoa. Mpaka sasa sijaliona.”

Mumewe akamvuta chumbani. “Mke wangu, tuwachinje yaishe. Nyumba ni yake.”

“Nyumba ni yake, sungura ni wangu. Niachie.”

Akaenda bustanini, akachutama. Kila mche ulikuwa umekatwa shinani, sawa na udongo, kama kwa kisu. Majani yalilala pale pale yakinyauka. Sungura gani anakata mboga halafu anasusa majani? Hapakuwa na kinyesi wala unyayo. Konokono nao wangeacha ute unaong'aa, na panya wangefukua. Akachukua msumari, akachokoa udongo kando ya mche ulioanguka. Akatoka kiwavi mnene wa kijivu, akajikunja kama pete. Sota! Kwenye mche wa pili, mwingine. Akawajaza kwenye kopo, akaenda kugonga mlango wa mwenye nyumba.

“Wezi wako hawa, mzee. Mchana wamelala udongoni, giza likiingia wanatoka kukata.”

“Hivi vidudu?” Mzee akacheka. “Unanifanya mtoto?”

“Njoo na tochi ujionee. Au unaogopa?”

Usiku alikuja, amenuna, kanga ya mkewe mabegani kwa baridi. Walisubiri bustanini mpaka mche mmoja ukatikisika, ukainama, ukaanguka. Mzee akamulika shinani. Kiwavi alikuwa bado anatafuna. Mzee akasonya, akazima tochi.

“Sasa nifanye nini?” akauliza, sauti imeshuka.

“Kila mche unataka kola ya bati ya kuuzunguka, nusu iingie ardhini, sota asifike kwenye shina. Hao waliomo ndani unawachokoa mwenyewe. Kola nitakukatia. Lakini kwanza utawaambia wapangaji wote kuwa sungura wangu hawakula kitu.”

“Mimi? Nyumbani kwangu?”

“Basi lima kwa ajili ya sota.”

Asubuhi, wapangaji wakiwa foleni bombani, mzee akakohoa, akanong'ona kitu kwenye kola ya shati lake.

“Kwa sauti, mzee,” Fundi Bati akasema. “Bibi wa chumba cha mwisho hasikii vizuri.”

“Sungura hawana kosa!” mzee akabweka. “Ila wananuka!”

“Wananuka,” Fundi Bati akakubali, akishika mkasi wa bati. “Na hawatoki.”

Mumewe, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, akatoka na kiti, akakaa karibu naye, mbele ya watu wote.