Kijana wa Kuokota Korosho

Bi Anifa aliziona korosho zote zilizoanguka chini ya mikorosho yake. Kuinama ndiko kulikomshinda, maana mgongo uligoma tangu mwaka juzi. Jirani yake, mzee Hamudi, alikuwa na mgongo mzima ila macho yameingia ukungu. Watoto wao walishahamia mijini, na hapo Kitangari kijana wa kumpa kibarua hapatikani. Mashamba ya wenzao waliokufa yamegeuka pori. Basi wakawa wanaokota pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Bi Anifa anaelekeza, Hamudi anainama.

"Kulia, Baba Jumanne! Si huko! Unaiacha hiyo iliwe na panya?"

"Unanionyesha kwa fimbo na mimi sioni, Mama Stamili. Sema kwa mdomo, tena taratibu."

Simu ikaita. Alikuwa Stamili, bintiye, kutoka Masasi.

"Shikamoo, mama. Umepata mtu wa kukuokotea? Kama huna, tuuze shamba uje huku."

"Marahaba. Nimepata kijana," akajibu Bi Anifa bila kupepesa macho. "Ana nguvu, ila mbishi kweli."

Alipokata simu, Hamudi, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa bado ameinama.

"Na mwakani," akauliza polepole, "huyo kijana asipoweza tena kuinama?"

Bi Anifa akampangusa mchanga begani. Mkono ukabaki pale kidogo.

"Tutaokota tumekaa," akasema. "Haya, kulia."