Mdudu Robo Kilo

Kisu hakinolewi mbele ya mbuzi. Hilo alinifundisha marehemu baba yangu kabla hajaniruhusu kushika hata kamba. Unakinolea nyuma ya ukuta, unakuja umekificha mgongoni, unamlaza mnyama kuelekea kibla, unamfunika jicho kwa sikio lake mwenyewe, unataja jina la Mwenyezi Mungu, na kabla hajajua lililomfika kazi imekwisha. Mnyama haonyeshwi kisu. Miaka thelathini na moja nimechinja hapa Mtwara, na sijapata kumwonyesha kisu hata kuku. Mtu akila nyama niliyoichinja mimi, Muhidini, ameiamini roho yangu kwanza. Ndiyo maana siku ile Rajabu aliposoma ule ujumbe kwa sauti, nilihisi ni mimi niliyelazwa chini.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, machinjioni. Mikono yangu ilikuwa na damu hadi viwikoni, na simu ikalia kwenye mfuko wa shati nililolitundika msumarini. Nikamwambia Rajabu, mchunaji wetu wa ngozi, mtu mwenye mdomo usio na kizibo, anisomee. Akasoma, na kila aliyekuwapo akasikia: "Habari Sabra. Mdudu wako robo kilo ametoka Dar leo na basi la alfajiri. Fungua mzigo mapema usije ukaharibika. Karibu tena, mteja wetu."

Sabra ni binti yangu, wa pekee, ana miaka kumi na tisa. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, akawa anatoa namba yangu kwa watu wake. Na asiyejua mdudu ni nini hajaishi mji huu. Wenzetu waliokuja kutoka mikoa ya bara, wale wa bandarini na maofisini, wakitaka nguruwe hawamtaji nguruwe. Walianza kusema kitimoto. Kitimoto ilipojulikana hata na watoto wa chuo cha Kurani, wakahamia kwenye mdudu. Ukipita karibu na baa zao jioni utasikia, "Nipimie mdudu nusu, mkaushe vizuri," na pua itakumalizia maelezo.

Rajabu alikunja uso, akausoma tena ujumbe kimoyomoyo, kisha akasema, "Nyumbani kwa mchinjaji, tena." Mzee mmoja aliyekwisha kuchagua kichwa cha mbuzi alikirudisha mezani polepole, akafuta vidole kwenye kanzu yake. Kile kichwa ndicho kilichoniua. Kelele ningeijibu, lakini yule mzee hakusema neno, aliondoka tu.

Mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Watu wameniambia tangu ujana wangu kwamba hasira hasara, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba hasara ni ya aliyenikasirisha. Sikunawa. Nilivaa shati nikatoka vilevile, damu ikinikaukia mikononi, nikakata njia hadi kwangu Mtawanya nikitembea kwa miguu, na kila hatua niliyopiga ilinipa neno jipya la kumwambia yule mtoto. Nilipofika mlangoni sikuwa nimebakiwa na neno hata moja.

Alikuwa amekaa uani akipeta mchele. Mtoto yule ana tabia moja tangu alipoanza kusema: hangoji mguu wangu uvuke kizingiti. "Shikamoo, baba," alisema, macho yakiwa bado kwenye ungo. Sikuitikia. Nilinyoosha mkono nyuma ya mlango nikachukua bakora yangu ya mpingo, aliyonichongea Mmakonde mmoja wa Mpapura, nzito kama deni la maiti. Niliichukua akiniona. Nikasimama mbele yake nayo akiiona.

"Nani anakulisha mdudu?"

Uso ulimbadilika. Mwenye siri na mwenye hatia wana uso mmoja, lakini hilo nimelijua baadaye. Akasema, "Baba, nani kakwambia?"

Jibu hilo ndilo lililomponza. Bakora ya kwanza ilimpata begani, ungo ukaruka, mchele ukamwagika ua mzima. Aliinuka akaanguka, akainuka tena akakimbilia ukutani, pasipo na njia. Nilimfuata. Nilimpiga mgongoni, nilimpiga mapajani, nilimpiga nikimtajia babu yake, na msikiti, na kichwa cha mbuzi kilichorudishwa mezani. "Ni wadudu tu, baba," alilia, "ni wadudu tu, wala si..."

"Tu?" nikamuuliza. "Unasema tu?" Nikampiga mdomoni kwa kiganja, ile sentensi yake ikakatikia hapo pamoja na jino.

Kisha akainua mkono wa kushoto kujikinga uso, nami sikuusimamisha wangu. Mlio ule naujua. Nausikia kila siku ya Mungu, ndivyo mfupa mbichi unavyolia. Mikono yangu iliutambua kabla ya masikio yangu, ikalegea yenyewe, bakora ikadondoka juu ya mchele.

Mke wangu Somoe alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya maji kichwani. Hakupiga yowe. Aliitua ndoo, akaiinua tena, akanimwagia maji yote usoni, damu ya machinjioni ikanichuruzika hadi kwenye nyayo. Alimfunika binti yake kwa khanga, akaenda hadi kwenye kibanda cha kuni, akarudi amebeba kitu alichokiweka miguuni pangu. Kilikuwa kizimba cha fito kilichozungushiwa chandarua kuukuu. Ndani yake, juu ya kijiti cha mkorosho, alikuwapo kinyonga.

"Huyu hapa anayekula mdudu, Baba Sabra," alisema. "Mwelekeze kibla, umchinje na yeye."

Kinyonga yule jicho moja alinitazama mimi, na la pili akamtazama Sabra.

Habari ya kinyonga niliipata vipande vipande kutoka kwa Somoe, siku zilizofuata, maana Sabra mwenyewe hakunisemesha. Sabra alimkuta Mpapura, alipokwenda kwa bibi yake. Watu walikuwa wamempanua mdomo wanamshindilia ugoro ili wamwone anavyolewa. Akawapokonya, akamleta mjini ndani ya kikapu cha mihogo, akamficha. Alinificha mimi, kwa sababu anajua ninavyosema juu ya kinyonga, mnyama wa nuksi, na anajua mguu wangu ulivyo mwepesi. Alimpa jina la Bwana Shamba kwa kuwa hutembea akikagua kila jani na hatendi kazi yoyote. Panzi wa huku aliogopa kumpa. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa mikorosho, na panzi aliyekwisha kula dawa humuua amlaye. Ndipo alipompata mtandaoni mtu wa Dar anayefuga nyenje na kuwauza wazima kwa wenye ndege na mijusi, akaagiza robo kilo kwa hela ya kushona mashuka. Wadudu. Wadudu kweli, wenye miguu sita.

Sikujiuliza hata jambo moja. Sikujiuliza ni nani atakayeagiza nyama robo kilo isafiri kutwa nzima kutoka Dar, mji huu huu ukiwa umejaa baa. Swali dogo kama hilo lingemponyesha mwanangu mkono. Lakini swali linataka pumzi moja, na mimi sikuwa nayo.

Hospitalini Sabra alimwambia daktari kwamba ameteleza kisimani. Daktari alimtazama mgongo, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na shati bichi, akauliza, "Kisima gani hicho chenye bakora?" Sabra akageukia ukuta. Angeweza kunitaja, na nilitamani anitaje. Walimfunga hogo la plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, na kutoka pale hakurudi nyumbani. Mama yake mdogo, Hadija, alimchukua kwake Mikindani. Neno moja tu Sabra aliliacha, nalo alilipitishia kwa Somoe: "Mwambie asimuue."

Nitasema kweli. Nilikuwa nimekusudia kumuua. Alasiri ile nilikifungua kile kizimba nikamtupa chini, nikainua mguu. Kiumbe yule hakukimbia. Aligeuka mweusi mwili mzima, akapanua kinywa kinachoweza kumeza nzi, akanikabili mimi mwenye kilo tisini. Nilisimama na mguu mmoja hewani, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka nikaona aibu mbele ya mjusi. Nikaushusha mguu kando.

Kesho yake nilikwenda kuuchukua mzigo kwenye ofisi ya mabasi. Karani wa pale anaitwa Elisha, kijana wa Kagera, mpole. Aliniletea boksi lenye matundu, akaliweka sikioni, akatabasamu. "Mzee, leo mdudu wenu anaimba," alisema. "Kwetu tungekuwa tumeshamkaanga." Siku nyingine ningemrukia. Nililipokea kwa mikono miwili nikamwambia asante.

Nililifungulia uani. Robo kilo ile ilikuwa imekaa siku moja zaidi ya inavyotakiwa, na njaa iliwafundisha ubaya. Walikuwa wanakulana. Wazima walikuwa wamepanda juu ya wanyonge wanawatafuna kuanzia tumboni, na anayetafunwa bado anachezesha miguu. Boksi lilijaa mabawa na mapaja. Nimeona damu nyingi katika maisha yangu, lakini mle ndani hapakuwa na aliyetaja jina la Mungu, wala aliyemfunika mwenzake jicho.

Machinjioni nilieleza. Baadhi waliamini, mzee wa kichwa cha mbuzi akarudi. Wengine waliona afadhali ingekuwa nguruwe, maana aliyegusa nguruwe huoga akatoharika, ila kinyonga ndani ya nyumba ni mambo ya uchawi. Hayo niliyavumilia. Lakini Rajabu alinisogelea ninapoosha visu, akanipiga begani, akasema, "Hata hivyo hukukosea, Muhidini. Samaki mkunje angali mbichi."

Nilijikuta nimemkaba koo. Nilimsukuma hadi kwenye nguzo ya kutundikia nyama, kisogo chake kikagonga chuma, vidole vyake vya miguu vikawa vinatafuta sakafu. Nilitaka afe, nasema wazi. Kilichonirudisha ni macho yake. Hayakunitazama usoni. Yaliutazama mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa huru, yanangoja kuona utafanya nini. Nilimwachia. Na tangu hapo nikaanza kuwatazama watu, nikagundua kwamba Somoe pia, nikimwomba chumvi, huutazama mkono kwanza.

Nilimlisha Bwana Shamba mwenyewe. Siku za mwanzo hakula nikiwa karibu. Nilijifunza kumshika nyenje kwa mapaja yake, nikae kwenye kigoda, niweke mkono mbele ya kizimba na nisitikisike. Alikuwa na wakati wote wa dunia. Anainua mguu, anaurudisha, anapepesuka kama anayekumbuka alichosahau, jicho moja kwangu na jingine kwa nyenje. Halafu, usipotazamia, ulimi unatoka mrefu kuliko yeye mwenyewe, na nyenje hayupo, kumebaki sauti ya kitu kinachovunjika kinywani. Niligundua vilevile kwamba akimwona nyenje kwa mbali, nikija naye nimemshika mbele, huingiwa na uoga na kujificha nyuma ya jani. Basi nikawa ninamficha mgongoni, hadi nikae. Boksi lilipoisha niliagiza la pili kwa jina langu kamili, na Elisha alilitangaza mbele ya abiria wote: "Muhidini, mdudu." Nikaitikia.

Hogo lilikaa wiki sita. Somoe alikwenda Mikindani kila Ijumaa, akirudi nilimuuliza anaendeleaje, naye alijibu, "Anaendelea." Nilikuwa nikimsubiri mtu mmoja tu avuke kile kizingiti na kusema ile shikamoo ambayo sikuiitikia. Usiku na mchana hilo ndilo nililolitaka, na sikuwa na haki ya kulidai.

Alikuja Jumapili baada ya adhuhuri, pamoja na Hadija. Sikuwa na habari. Nilikuwa nimetoka kwenye kibanda cha kuni, nyenje mkononi, ninakwenda kwenye kizimba nilichokihamishia uani, na nikasikia bawaba ya mlango. Alikuwa amesimama pale, amekonda, mkono wa kushoto mwembamba na mweupe kama muhogo uliomenywa. Pengo lilionekana alipofungua mdomo. Nilidhani ndipo atakaposema. Nilipiga hatua moja kumwendea.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Hakuutazama uso wangu. Alitazama bega langu la kulia, akashuka nalo hadi kwenye kiwiko, hadi pale mkono unapopotelea nyuma ya kiuno. Yule ni mtoto wa mchinjaji. Amekulia machinjioni, amenishikia kamba akiwa na miaka saba. Anajua anayekuja taratibu na mkono umefichwa mgongoni amebeba nini.

"Toa mkono, baba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikakaa kwenye kigoda, maana sikutaka kuwa mrefu kuliko yeye. Nikauleta mkono mbele, polepole mno, nikaufungua. Nyenje alisimama katikati ya kiganja, akapapasa hewa kwa vipapasio vyake. Sabra alimtazama. Akamtazama Bwana Shamba aliyekwisha kutoka kwenye jani, mnene, wa kijani, mlango wa kizimba ukiwa wazi, akinyoosha mguu mmoja kuelekea kwenye kidole changu.

Hadija alimshika binti yangu shati waondoke. Sabra hakwenda wala hakusogea, mgongo wake ungali mlangoni. Kinyonga aliushusha mguu, akaufikiria, akauinua tena. Mkono ulianza kuniuma begani. Niliuacha palepale, wazi, mbele ya macho ya mwanangu.