Wengine Wako Wapi

Mjukuu wangu ana miaka saba, anaishi ng'ambo na hajawahi kunitembelea. Likizo hii alikuwa aje. Nilishamshonea foronya mpya, maana mimi ni fundi cherehani. Halafu binti yangu akapiga simu: mtoto kagoma, anaogopa. Runinga ya huko imewaonyesha kwamba kwetu watoto wana njaa, umati unakimbia mabomu.

"Mabomu gani? Hapa kilichowahi kupasuka ni bomba la maji."

"Najua, Mama. Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

Nilikasirika, ingawa nyani haoni kundule. Mwaka jana nilimuuliza binti yangu kama roboti yao inajua kuosha masufuria, kwa kuwa niliona kwenye runinga kwamba huko kila nyumba inayo. Akacheka, kisha akanionyesha mikono yake ilivyobabuka kwa sabuni.

Basi jana mchana nikapiga simu ya video.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo nakutembeza kwangu. Ukiona bomu, niambie."

Nikafungua bomba, maji yakatoka kwa fujo. Nikafungua friji. Nikakanyaga cherehani, ikalia. Nikamwonyesha kitanda chake, na dirishani barabara ya lami na jirani anaosha gari. Nikaona nimeshinda, nikaanza kujisifu.

"Umeona? Hiyo runinga ikadanganye wengine."

Akachungulia nyuma yangu. "Bibi, wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Kwenye runinga kwenu watu ni wengi, wamejaa. Mbona wewe uko peke yako?"

Babu yake alishafariki, mama yake ndiye huyo yuko naye huko, na wateja siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Kuna siku nzima inapita sijasema neno ila kuigombeza sindano. Mambo hayo humwambii mtoto wa miaka saba. Nikaona aibu, nikadanganya.

"Wametoka kidogo."

"Wote?"

"Wote."

Nikageuza simu ukutani asinione uso. Nikamsikia anahema karibu kabisa na simu, anafikiri.

"Mabomu siogopi tena," akasema. "Naogopa nyumba isiyo na watu. Wakirudi niite, Bibi, nitakuja."