Kodi ya Riba ya Mama Firdausi

Laki nne na ishirini elfu. Ndizo walizonikata, jamani, kabla hata sijazishika. Barabara ya kwenda Kibondo ilipopanuliwa, duka langu la vitenge hapa Kasulu likavunjwa. Fidia ikachelewa miaka miwili, na kwa kuchelewa huko wakaniongezea riba ya milioni nne na laki mbili. Nikafurahi! Kumbe riba nayo ina kodi yake, asilimia kumi, inakatwa hukohuko inakotoka. Fidia yenyewe, pamoja na riba iliyobaki, ilikuwa imeshaishia kwenye kiwanja na kuta za duka jipya. Limebaki paa, bati kumi na nne, na bei yake ni hiyohiyo waliyonikata. Mvua za Oktoba hizo zinakuja, na vitenge vikilowa ndiyo basi, sina mtaji mwingine.

Asmahani wa steshenari, anayetujazia fomu mtaa mzima, akanipa moyo. "Dada Swaumu, mwenye kipato kidogo anaweza kuomba arudishiwe. Wewe faida yako kwa mwezi shilingi ngapi?"

"Andika laki mbili," nikamnong'oneza. "Tena huo ni mwezi ambao wateja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamepata vibali vya kutoka." Niliona aibu, lakini ndiyo ukweli.

Nikaenda ofisi ya kodi na baibui langu la Idi. Afisa, kijana anaitwa Khatibu, mpole hadi anaudhi, akasoma fomu, kisha akafungua jalada la fidia.

"Mama, hapa unasema laki mbili kwa mwezi. Mthamini alipokuja kabla duka halijavunjwa, ulimwambia milioni moja na nusu. Sahihi hii si yako?"

Yangu. Wallahi ni yangu. Siku ile mthamini alipita duka hadi duka akiuliza faida, maana faida utakayopoteza nayo inalipwa. Jirani yangu Stanislaus, muuza maharage, akasema milioni moja. Sasa mimi, binti Badru, nizidiwe na maharage, na watu wote wanasikia? Nikaongeza nusu. Wa tatu naye akaongeza. Tulikuwa kama tuko mnadani.

"Nikishika ile ya mthamini," Khatibu akasema taratibu, "huna cha kurudishiwa, na kuna kodi ya miaka kadhaa hujalipa. Nikishika hii ya leo, ulilipwa fidia isiyo yako. Nishike ipi, mama yangu?"

"Umeshaigonga muhuri?"

"Bado."

"Basi nipe fomu yangu, mwanangu."

Akanirudishia kwa mikono miwili, akanikaribisha tena. Adabu yake ndiyo iliyonimaliza.

Mtaani walikuwa wananisubiri. Wote wamekatwa, wote wametaka nitangulie mimi ndipo nao waende. Stanislaus akauliza, "Wamekurudishia?"

Ningesema kweli, wangejua laki mbili zangu. "Nimewaachia," nikasema. "Nikajidhalilishe kwa laki nne? Serikali ikajengee zahanati."

Loo! Stanislaus akavua kofia. "Mama Firdausi, wewe una pesa bwana!" Asmahani peke yake akaangalia chini. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kwenda kudai, nani aonekane fukara? Wiki hiyohiyo wawili wakaja kunikopa.

Jumatano asubuhi mvua ikashuka. Nilikuwa nimepanda juu ya kaunta navuta turubai, maji yananiingia shingoni, nalia kwa hasira kama mtoto. Robota la vitenge vipya lilikuwa limelowa lote, rangi inatiririka sakafuni. Stanislaus akapita na mwavuli, akasimama mlangoni, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Firdausi. Bado tu hujaezeka?"

Nikajifuta uso kwa mtandio.

"Nimeagiza Dar," nikamwambia. "Bati za rangi. Hizi za hapa hazinifai."